MSH

Miaka ishirini na mbili juu ya kabati, nyumba ya Kuze,
chini ya kitambaa alichokidarizi shangazi Mwanatumu,
na juu ya kitambaa sinia, na juu ya sinia mrashi mtupu.
Hatukuitupa. Hatukuiwasha.
Kila Idi ilipanguswa vumbi usoni, basi,
kama mgonjwa asiyetarajiwa kuitika.

Nilipoishusha ilikuwa nzito kuliko nilivyokumbuka.
Weupe wake umekuwa rangi ya samli iliyokaa.
Nikafungua skrubu nne. Ya tano imeshikwa na chumvi,
chumvi ya hewa yetu, isiyosaza kitasa wala bawaba;
nikaitia mafuta ya taa, nikaenda kuswali alasiri, nikarudi.
Ndani: mjusi mkavu, mayai mawili,
vumbi lililoota manyoya,
na betri ya saa imetapika kijani
juu ya njia za shaba.

Mustansir, nyuma ya Marikiti, aliinusa kwanza.
"Hii si kutengeneza," akasema, "hii ni kufukua."
Akasugua kwa siki na mswaki wa mtoto,
akaunga uzi wa waya mahali njia ilipolika,
akakataa kutaja bei. Hilo ndilo lililonitia hofu.
Siku ya kumi akapiga simu:
"Njoo na gari. Na usiilaze."

Baba aliinunua kwa kampuni ya forodha iliyofilisika,
deni la miezi kumi na minne.
ASIGUSE MTU, aliandika, akabandika kwa uji wa ngano.
Tuliisikiliza pikipiki yake mpaka pembe ya msikiti,
akienda zamu ya usiku Kilindini,
ndipo mimi na Badi tukanyatia.
Mchezo ulikuwa mmoja: matofali yakidondoka,
upange safu, safu ifutike, yadondoke tena.
Kisha orodha ya washindi, herufi tatu kwa kila jina.
BAD. FAM. BAD. BAD.
Na juu kabisa, daima, MSH.
Tukimpita Jumatatu, Jumanne asubuhi ameturuka.
"MSH ni Mashine," Badi akakata shauri.
"Yacheza yenyewe sisi tukilala."
Tukawa tunaipigia hodi kabla ya kuiwasha.

Jana baada ya magharibi nikabonyeza.
Ikakohoa, ikavuma, ikahesabu kumbukumbu zake
polepole, kama mtu anayepapasa miwani.
Saa yake ikasema: mosi Januari, themanini.
Haina habari ya mazishi. Sikuiambia.
Badi kwenye simu, Maskati, anapiga kelele:
"Orodha! Famau, fungua orodha!"
MSH. Bado juu.

Mama akatoka jikoni, mikono yanuka vitunguu,
akaifuta kwa leso.
"Nipisha."
Akakaa. Hakuuliza kitufe gani.
Miaka sabini na moja, magoti yasiyokubali tena mswala,
na vidole vyakimbia kama vya msichana asukaye ukili.
Safu. Safu. Safu mbili kwa mpigo.
Maskati kimya.
"Mishi," nikasema polepole, nikiliyeyusha jina
ambalo baba peke yake alikuwa na ruhusa nalo,
likabaki herufi tatu.

"Mwadhani nani?" Hakugeuza shingo.
"Zamu yaisha saa kumi. Mimi silali
mtu wangu akiwa chini ya kreni. N'kimngoja babenu."
"Naye alijua?"
Tofali refu likashuka. Akaligeuza mara mbili,
akalitia kwenye pengo mimi nilikuwa sijaliona,
akacheka kwa puani. Kama hilo lilikuwa jibu, sijui.

Alishindwa kwa alama mia sita.
Akalitazama jina lake la zamani huko juu,
kisha akaliandika tena, chini yake, nafasi ya pili,
akainuka ameshika kiuno.
"Kitufe cha kushoto kizito," akasema.
"Kesho mrudishie Mustansir.
Na mwambie hiyo saa asiiguse."